Daftari la kijana lisomwe, lisichomwe

Wako walimu na watumishi wa serikali, mkoani Kilimanjaro na kwingineko nchini, wanaoamini kwa dhati kwamba kijana anayeandika habari za mauti, mizimu, ulevi wa baba na machozi ya mama ni kijana aliyekwisha kuharibika. Daftari lake likigunduliwa, hunyang'anywa. Mara nyingine husomwa mbele ya darasa kwa kejeli ili wenzake wacheke. Mara nyingine hutiwa motoni pamoja na takataka za shule. Kisha mwenyewe huitwa ofisini akaambiwa aache upuuzi, aandike mambo yenye faida. Walimu hao hawana nia mbaya, na wengi wao wanafanya kazi katika mazingira magumu. Lakini nia njema haiwezi kuligeuza kosa likawa haki, na jambo hilo ni kosa.

Na achukuliwe kijana wa aina hiyo, kama wapatikanavyo katika shule nyingi kuanzia Moshi mjini hadi Kibosho, Uru, Marangu na Rombo. Hakufundishwa uandishi na mtu. Ana daftari la kawaida la shule, ambalo nusu yake ya mbele ni hesabu na nusu ya nyuma ni hadithi. Ametunga hadithi ya mzee aliyefufuka usiku wa mvua akaja kubisha hodi kwa wanawe, awaulize ni nani aliyekiuza kihamba alimozikwa. Ametunga shairi juu ya ukungu unaoshuka kutoka msituni na kuingia katika nyumba ambayo watu wake wote wamehamia mjini. Wakati wa mapumziko humpa mwenzake mmoja asome. Huyo humpa wa pili, na wa pili humpa wa tatu, mpaka jalada la daftari likachanika. Huo ndio uchapishaji wake, na hao ndio wasomaji wake. Hana mwingine.

Shule kwa upande wake inamtaka atunge nini? Inamtaka atunge ngonjera ya kumpokea mgeni rasmi. Siku ya mahafali, au siku ya kuzindua choo kipya cha shule, watoto hupangwa mstari juani, wakasema kwa zamu kwamba mgeni ni taa, mgeni ni nguzo, mgeni ni mvua ya masika. Mgeni hupiga makofi na kuondoka. Marehemu Mathias Mnyampala, aliyeitangaza sanaa ya ngonjera, aliikusudia iwe majibizano: mmoja hupinga, mwingine hutetea, na hoja ikapimwa hadharani. Leo katika shule nyingi upande wa kupinga umefutwa, ikabaki sifa tupu. Kijana mwenye akili huona jambo hilo mapema. Hutambua kwamba maneno yanayotakiwa jukwaani si maneno aliyo nayo moyoni, naye huenda kuyaandika hayo ya moyoni nyuma ya daftari la hesabu.

GIZA SI MGENI MLIMANI

Hoja ya kwanza ya wenye kuchoma madaftari ni kwamba habari hizi za kutisha si utamaduni wa Mwafrika. Kwamba zimeletwa na filamu na vitabu vya kigeni. Hoja hiyo yaonyesha kwamba wenye kuitoa wamesahau walikolelewa. Bibi wa Kichaga aliyekaa na wajukuu kando ya moto, ng'ombe wakicheua upande wa pili wa nyumba, hakuwasimulia habari za maua. Aliwasimulia habari za Irimu, zimwi lenye kula watu, lililojua kujigeuza likafanana na binadamu.

Aliwasimulia pia habari za Murile. Kijana huyo, akichimba magimbi, aliona gimbi moja zuri kama mtoto mchanga. Alilificha katika tundu la mti, nalo likageuka mtoto kweli, naye akawa akimpelekea chakula chake mwenyewe kwa siri. Mama yake aliona mwanawe anakonda, na alipoijua siri ile, akamwua yule mtoto. Murile kwa uchungu alikalia kiti cha babaye, akakiimbia kipae, akapaa mpaka nchi ya mwezini. Huko aliwafundisha watu kuwasha moto, akapewa ng'ombe wengi, akarudi kwao na utajiri. Lakini wazazi wake hawakulishika sharti alilowapa juu ya fahali wake, na hadithi inakwisha Murile akizama ardhini. Wamisionari wa enzi ya Wajerumani waliiandika ngano hiyo vitabuni, na hadi leo inasomwa na wataalamu wa dunia. Lau Murile angetungwa jana na mwanafunzi wa kidato cha pili, je, daftari lake lingenusurika?

Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alichapisha kitabu kwa Kiswahili kiitwacho "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera". Jina lenyewe latosha kuwa ushahidi. Mzee huyo hakuona kwamba habari za Mchagga zinakwisha anapofukiwa. Katika mila za mlimani, wafu waliendelea kuwamo kihambani, chini ya migomba, wakizungukwa na masale, wakisemeshwa na kupewa pombe. Kijana anayeandika habari za mzee aliyerudi kudai kihamba chake hajaiga filamu. Amefuata njia ya babu zake pasipo kuonyeshwa na mtu.

Tena historia ya mlima huu imejaa damu. Mangi Meli wa Old Moshi, ambaye askari wake waliwashinda Wajerumani mwaka 1892, alinyongwa na Wajerumani hao tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Kwa mujibu wa masimulizi ya kizazi chake, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi jamaa zake wamekuwa wakikitafuta ili wakizike. Mwezi Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaoanisha mafuvu kadhaa yaliyokuwa yamehifadhiwa huko na jamaa walio hai mkoani Kilimanjaro. Mojawapo lilikuwa la mtu aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Mtoto wa Old Moshi hukua akiusikia mkasa huo. Ni mwalimu gani atakayethubutu kumwambia kwamba fuvu lisilo na kaburi si mada ya mshairi?

Wala si mambo ya zamani tu. Mwaka 1994 moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya wasichana ya Shauritanga, wilayani Rombo, ukaua wasichana zaidi ya 40. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Waliokufa walikuwa na majina, na walikuwa na watoto waliobaki shuleni. Watoto hao wakishika kalamu, wataandika nini? Mvua ya masika?

YENYE MHURI HUFUNDISHWA

Hoja ya pili ni kwamba fasihi njema ni ile yenye kufurahisha na kutia moyo. Hoja hii nayo haisimami mbele ya kabati la vitabu la shule yoyote. "Al-Inkishafi", utenzi unaohesabiwa miongoni mwa kazi bora za Kiswahili cha kale, ni tafakuri juu ya kuangamia kwa mji wa Pate na juu ya kaburi lenye kumsubiri kila tajiri. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina, hakutunga ngonjera, alitunga maombolezo. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa na kazi zote za kuliongoza taifa changa, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ambamo Kaisari anachomwa visu na rafiki zake, na mmoja wa rafiki hao akamalizia kwa kujiua. Mwaka 1968 S. S. Mushi akalitolea taifa "Makbeth", tamthilia ya wachawi, mizuka na mikono isiyotakata damu. Hakuna aliyesema kwamba watu hao wameharibika.

Lakini mfano ulio karibu zaidi ni wa Euphrase Kezilahabi. Mwaka 1971, akiwa hajafikisha umri wa miaka 30, kijana huyo wa Ukerewe alitoa riwaya yake ya kwanza, "Rosa Mistika". Ilikuwa habari ya binti aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akatoka kwao bila kuijua dunia, dunia nayo ikamtafuna mpaka akajiua. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Mwaka 1974 akatoa "Kichwamaji", riwaya yenye giza kuipita ile ya kwanza, na mwaka huohuo "Kichomi", diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Hapo wakongwe wa ushairi wakasema kwamba hayo si mashairi kamwe.

Yakawaje? Kezilahabi alifariki dunia Januari 2020 akiwa amehesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa kabisa waliopata kuandika kwa Kiswahili. "Rosa Mistika" imefundishwa vyuo vikuu kwa miaka mingi. Na yule baba aliyedhani kwamba fimbo yatosha kumlinda binti, na ambaye kitabu kile kilimshitaki, angali yupo vijijini. Walioitwa walinzi wa maadili walipambana na kitabu, wakamwacha baba.

Hapa ndipo unapoonekana unafiki wa jambo zima. Kitabu kama "Watoto wa Mama N'tilie" cha Emmanuel Mbogo, chenye umaskini, dawa za kulevya na mauti ya watoto, kwa miaka mingi kilisomwa na vijana wa sekondari kwa ajili ya mtihani. Mwalimu hukifafanua ubaoni: dhamira ni hizi, wahusika ni hawa, ujumbe ni huu. Mwanafunzi huyohuyo akienda bwenini akaandika mambo yaleyale kuhusu mtaa wake mwenyewe wa Njoro au Pasua, huitwa mtovu wa nidhamu. Maana yake ni kwamba giza lenye mhuri wa mchapishaji ni fasihi, na giza la mtoto aliye mbele ya macho ya mwalimu ni kosa. Shule inamfundisha kijana kuyasoma maisha ya wengine na kumkataza kuyasoma ya kwake.

HOFU ILIYO YA HAKI

Iko hofu moja ambayo haifai kubezwa. Ni hofu ya mwalimu anayeona katika daftari maneno ya kutaka kufa. Huenda ni ya mhusika katika hadithi; huenda ni ya mwandishi mwenyewe. Mwalimu hawezi kujua kwa kutazama tu, naye ana haki ya kushtuka.

Lakini na aulizwe: kulichoma daftari kunamsaidiaje mtoto huyo? Kama maneno yale yalikuwa ya mhusika tu, mwalimu ameteketeza kazi ya sanaa pasipo sababu. Kama yalikuwa ya mtoto mwenyewe, basi ameufunga mlango pekee aliokuwa akiutumia kutolea uchungu wake, na tena amemfundisha kwamba mtu akisema anavyoumia, ataadhibiwa. Hilo la pili ni la hatari kuliko shairi lolote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Mtoto huyu hakuficha maradhi. Aliyaandika kwa kalamu, akampa mwenzake asome. Aliyeyaficha ni mtu mzima aliyewasha kiberiti.

Lililo sawa ni gumu kidogo, nalo ni kukaa naye. Mwalimu amwite si kama mshitakiwa bali kama mwandishi, amwulize kwa utulivu: mtu huyu katika hadithi ni nani, na wewe mwenyewe hali yako ikoje nyumbani? Asikie jibu hata likiwa refu. Akiona dalili ya hatari asimwache peke yake. Amfikishe kwa mwalimu wa ushauri, kwa wazazi kama nyumbani ni pa kuaminika, na kwa mganga wa hospitali. Kazi hiyo yahitaji nusu saa na moyo wa mzazi. Kiberiti hakihitaji chochote, ndiyo maana kinapendwa.

VIJANA NAO WAAMBIWE KWELI

Kumtetea kijana si kumsifu kwa kila alichokiandika. Yako mengi katika madaftari hayo yasiyofaa, na kuyanyamazia ni kumdharau mwenye nayo. Wapo wanaoandika habari za makasri ya mawe, popo wanyonya damu, na mabwana wenye majoho meusi wanaotembea katika vijiji vya Ulaya, wakati mwandishi mwenyewe hajavuka Himo. Anatafuta hofu mbali, na hali ukungu wa Mweka unaishia dirishani kwake. Giza la kuazima halimtishi mtu, kwa sababu hata mwandishi wake haliogopi.

Wapo pia waliogundua kwamba kifo ni njia rahisi ya kumaliza hadithi. Mhusika akiwashinda, wanamwua. Wengine wanakipamba kifo kana kwamba ni bibi harusi. Hao waambiwe waziwazi kwamba mauti katika fasihi ni lazima yawe na sababu na yawe na gharama: nani alisababisha, nani alibaki na deni la mazishi, nani anakamua ng'ombe asubuhi ya pili yake. Kezilahabi hakumwua Rosa ili msomaji apate kulia tu. Aliwaonyesha wazazi, walimu na wakubwa waliomsukuma hatua kwa hatua. Mwandishi kijana anayeandika ulevi bila kumtazama mwenye kilabu, au anayeandika kihamba kilichouzwa bila kumtazama mnunuzi, ameandika nusu ya habari. Giza lake lingali halijakomaa, nalo litakomaa kwa kusahihishwa tu.

Na ni nani wa kumsahihisha? Ndilo swali ambalo watumishi na walimu hawana budi kulijibu.

YANAYOWEZEKANA

Zamani mtunzi mchanga alikuwa na mahali pa kupeleka kazi yake. Gazeti la "Mambo Leo", lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji kutoka kila pembe ya nchi, na watunzi wengi walijifunza humo, mmoja akimjibu mwenziwe. Mjini Moshi, katika miaka ya 1950, lilikuwapo gazeti la Wachaga liitwalo "Komkya", ambamo watu wa kawaida wa mlimani walibishana kwa barua juu ya ardhi, utawala na mienendo ya wakati wao. Magazeti hayo hayapo tena. Tangu mwaka 2023 Taasisi ya Elimu Tanzania imekuwa na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini tuzo humpokea mtu aliyekwisha kufika na mswada wake mkononi. Haimfikii mtoto wa kidato cha pili ambaye daftari lake limechomwa jana.

Kinachohitajika hakina gharama kubwa. Kila shule inao ukuta. Na pawepo gazeti la ukutani, lenye wahariri wanafunzi na mwalimu mmoja mlezi, na kazi zibandikwe humo hata zikiwa za huzuni. Maktaba ya mkoa mjini Moshi inazo meza na viti. Jumamosi moja kwa mwezi vijana wakae hapo wasomeane, na mtu mzima aliyesoma awepo kuwasikiliza na kuwasahihisha. Maofisa utamaduni wa wilaya, ambao kazi yao katika macho ya wengi imekuwa kutafuta vikundi vya ngoma siku ya sherehe, waone kwamba kutafuta waandishi ni kazi yao vilevile. Na mwalimu wa Kiswahili akikabidhiwa daftari, alirudishe likiwa na wino mwekundu pembeni: sentensi hii nzito, neno hili si lake, hapa umeharakisha, hapa umenigusa.

Katika mila za mlimani, mtu aliyemkosea mwenziwe alichukua jani la sale, akalipeleka kwa aliyekosewa kuomba radhi, na ilikuwa vigumu sana kwa aliyepelekewa kulikataa. Wako vijana wengi kati ya Old Moshi na Rombo, wengine sasa ni watu wazima wenye watoto, waliochomewa madaftari na hawakuandika tena. Hakuna ajuaye ni kina Kezilahabi wangapi waliokwenda na moshi huo. Kwa hao jani la sale limechelewa. Kwa aliye darasani leo halijachelewa: mwalimu aliyelifungia daftari lake katika droo ya ofisi alitoe, alisome mpaka ukurasa wa mwisho, kisha amwite mwenye nalo waketi.